Serikali ikitangaza dharura ya afya: kinachobadilika nyumbani kwako hapa Dodoma na kisichobadilika

Jioni ya tarehe 20 Januari 2025 simu yangu haikupumzika. Rais alikuwa ametangaza, akiwa hapa hapa Dodoma, kwamba kuna mgonjwa aliyethibitika kuwa na virusi vya Marburg. Mgonjwa alikuwa Biharamulo, mkoani Kagera, lakini kwa kuwa tangazo lilitoka Dodoma, watu wengi mtaani kwetu walielewa kuwa ugonjwa uko Dodoma. Mama mmoja alinipigia akilia, anataka kwenda kumtoa binti yake bwenini usiku ule ule. Kijana wa bajaji akaniuliza kama kesho aingie barabarani: "Dada, tunafungiwa au hatufungiwi?"

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na maswali haya nimekuwa nikiyajibu mlangoni, kisimani na foleni ya kliniki tangu kipindupindu cha mwaka 2015. Hubadilika jina la ugonjwa tu. Nimeyaandika majibu mahali pamoja ili uyasome sasa, kabla tangazo lingine halijatoka, kwa sababu siku tangazo linapotoka hakuna anayesoma kwa utulivu.

Shika hili moja kwanza: tangazo la dharura lina mipaka. Lina ugonjwa wake, eneo lake, muda wake na makatazo yake. Kisichokatazwa kinaendelea. Kazi yako ni kuijua mipaka hiyo na kupanga nyumba yako ndani yake.

Matamko matatu yanayochanganywa

La kwanza ni la Shirika la Afya Duniani, WHO. Linatolewa chini ya Kanuni za Kimataifa za Afya za mwaka 2005 na linazihusu serikali zaidi kuliko wewe. UVIKO-19 ulitangazwa hivyo tarehe 30 Januari 2020, na tamko likaondolewa tarehe 5 Mei 2023. Mpox ilitangazwa tarehe 14 Agosti 2024, wakati Tanzania haikuwa na mgonjwa aliyethibitishwa. Wagonjwa wetu wawili wa kwanza walitangazwa Machi 2025. Kwa miezi yote hiyo katikati, maisha yako hayakutakiwa kubadilika zaidi ya kuwa na tahadhari.

La pili ni la serikali yetu: Wizara ya Afya, au Rais mwenyewe, anatangaza mlipuko. Hapo ndipo Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inapoingia kazini, na ndiyo inayompa afisa afya nguvu ya kukagua, kutenga wagonjwa na kuagiza usafi. Hili ndilo linalofika mlangoni kwako. Mwongozo huu unahusu hili.

La tatu ni hali ya hatari ya Ibara ya 32 ya Katiba, ambayo hutangazwa na Rais. Hiyo ni habari nyingine kabisa. Mwaka 2020 shule zilifungwa bila hali ya hatari kutangazwa. Kwa hiyo ukisikia "dharura ya afya" usiichukue kuwa amri ya kutotoka nje. Amri ya kutotoka, ikiwepo, itatajwa kwa jina lake.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Daftari na kalamu. Utaviona vinavyofanya kazi kuliko unavyodhani.
- Redio, au simu yenye bando la kutosha kufungua kurasa rasmi za Wizara ya Afya.
- Namba hizi ziandikwe ukutani, zisiwe ndani ya simu tu: 199 (Wizara ya Afya, bila malipo), mtendaji wa kata, mwenyekiti wa mtaa, mhudumu wa afya wa mtaa wako, zahanati ya karibu.
- Dumu la lita 5, ndoo ya lita 20 yenye mfuniko na koki, sabuni ya kipande.
- Dawa ya klorini: ya matone kwa maji ya kunywa, na Jik kwa sakafu na choo. Usizichanganye kwenye kabati moja na vinywaji.
- Pakiti nne za ORS, ile chumvi ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha.
- Glavu jozi chache.
- Chakula cha wiki mbili. Wiki mbili zinatosha. Gunia saba za unga ndani huku jirani hana debe ni kumpandishia bei yeye.

Hatua ya 1: Sikiliza tangazo lenyewe, uandike mambo manne

Usisikilize habari ya tangazo, sikiliza tangazo. Kisha andika kwenye daftari: ugonjwa gani, eneo gani, kuanzia lini, nini kimekatazwa. Kama jambo moja kati ya haya manne halikutajwa, acha nafasi wazi. Usiijaze kwa kubahatisha.

Nikupe mfano wa tangazo lililokuwa na mipaka ambayo watu hawakuiona. Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Kesho yake shule zikaamriwa zifungwe. Masoko hayakufungwa, nyumba za ibada hazikufungwa. Hata hivyo mama ninayemfahamu, muuza mboga, alikaa ndani siku tisa akidhani na yeye amefungwa. Mboga zikaoza, mkopo wa kikundi ukaingia adhabu, na hakuna aliyemwambia akae. Vyuo na kidato cha sita vilifunguliwa tarehe 1 Juni, shule nyingine tarehe 29 Juni. Ukiwa umeandika tarehe, unajua pa kusubiri.

*Onyo:* sauti ya WhatsApp inayoanza na "mimi nina ndugu yangu anafanya kazi wizarani" haina jina, haina tarehe, haina eneo. Usiisambaze. Kusambaza habari za uongo ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na hata kama hakuna atakayekukamata, kuna mtu ataacha kumpeleka mtoto hospitali kwa sababu ya sauti uliyoituma wewe.

Hatua ya 2: Uliza ugonjwa unapita njia gani

Swali hili ndilo linaloamua kila kitu kitakachofuata, na ndilo watu wasilouliza. Wanauliza "unaua?" Uliza "unaingilia wapi?"

Kipindupindu huingilia mdomoni, kwa maji na chakula chenye kinyesi. Barakoa haikusaidii, choo na sabuni vinakusaidia. Marburg hupita kwenye majimaji ya mwili wa mgonjwa au marehemu: damu, matapishi, jasho. Ukipishana na mtu sokoni hupati, ukimwogesha mgonjwa bila kinga unapata. Mpox hupita zaidi ngozi kwa ngozi na kwenye matandiko.

Halafu kuna mawili ambayo sisi wa kanda ya kati lazima tuyajue kwa sababu yalishatupata. Homa ya Bonde la Ufa ya 2006 na 2007 ilipiga Dodoma kuliko sehemu nyingi za nchi. Ilikuja baada ya mvua kubwa, mbu wakazaliana, ng'ombe na mbuzi wakatupa mimba kwa wingi, kisha watu wakaanza kuugua: mchinjaji, mkamuaji, mama anayepika nyama ya mnyama aliyekufa. Zizi likianza kutupa mimba baada ya mvua, hiyo ni taarifa ya kumpelekea afisa mifugo siku hiyo hiyo. Usiikamate ile mimba kwa mikono mitupu, usichinje mnyama anayeumwa, na maziwa yachemshwe. Najua wapo wazee wanaoona maziwa yaliyochemka yamepoteza utamu. Wakati wa homa hii, yachemshwe.

Mwingine ni sumukuvu. Mwaka 2016 watu wa Chemba, Kondoa na Kiteto waliugua macho yakawa ya njano, matumbo yakajaa maji, na wengine wakafa. Majirani walianza kuwakimbia wagonjwa wakidhani ni ugonjwa wa kuambukiza. Uchunguzi ukaonyesha ni mahindi yaliyoota kuvu. Ugonjwa ule haukuwa ukitoka kwa mtu kwenda kwa mtu. Ulikuwa ndani ya kihenge. Waliowakimbia ndugu zao waliendelea kula ugali ule ule. Ndiyo maana nasisitiza uulize njia.

Hatua ya 3: Maji ya kunywa na maji ya kunawa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu Dodoma shida yetu ya kwanza ni maji, na magonjwa mengi ya mlipuko hupitia hapo.

Maji ya kunywa: chemsha mpaka yatokote kweli kweli, acha yatokote dakika moja, epua. Dakika moja inatosha kwa mwinuko wa Dodoma. Ukiyaacha robo saa unachoma mkaa bure. Ukitumia matone ya klorini, fuata kipimo cha kwenye chupa yako, usifuate cha jirani, maana chupa hazifanani nguvu. Kwa kawaida utasubiri nusu saa kabla ya kunywa. Maji ya tope yachuje kwanza kwa kitambaa safi, dawa haifanyi kazi vizuri ndani ya tope. Hifadhi kwenye ndoo yenye koki. Kikombe kinachozamishwa kwenye ndoo huingia na uchafu wa kila mkono uliokishika.

Kunawa: tengeneza kibuyu chirizi. Kwa mgao wa maji tulionao, hiki kinashinda bomba, kwa kuwa dumu moja la lita 5 huwatosha watu wengi na hakuna anayegusa kitu kwa mkono.

Simika nguzo mbili zenye panda, kimo cha kiuno cha mtu mzima, na umbali wa hatua moja kati yake. Zipake oili chafu sehemu inayoingia ardhini, la sivyo mchwa wetu watazimaliza kabla ya mvua zijazo. Pasha msumari moto, toboa tundu moja dogo kwenye dumu, upande wa mbele, chini kidogo ya shingo. Pitisha fito kwenye mkono wa dumu, uilaze juu ya panda. Funga kamba shingoni mwa dumu, ncha ya pili uifunge kwenye kijiti kilicholala chini. Ukikanyaga kijiti, dumu linainama, maji yanachirizika. Maji yasizidi usawa wa tundu, vinginevyo yatavuja yenyewe mchana kutwa. Sabuni itoboe katikati, ining'inize pembeni kwa kamba. Chini mwaga kokoto pasiwe na tope. Weka kimoja kati ya choo na jiko, mahali ambapo mtoto akitoka chooni hana njia nyingine ya kupita.

Jik ya kufutia: kama chupa imeandikwa asilimia 3.5, kikombe kimoja cha Jik kwa vikombe sita vya maji hukupa nguvu ya asilimia 0.5, ya kusafishia choo, sakafu iliyochafuka na ndoo ya mgonjwa. Changanya upya kila siku.

*Onyo:* maji hayo si ya kuoga wala kunywa wala kumnyunyizia mtu. Na usichanganye Jik na dawa nyingine ya chooni. Mvuke wake huumiza mapafu.

Hatua ya 4: Dawa za kila siku na kliniki

Tangazo la dharura halifungi kliniki ya presha, ya sukari, ya CTC (ya wanaotumia dawa za VVU) wala ya wajawazito. Ila foleni hurefuka na watu huogopa kwenda. Siku tangazo linapotoka, hesabu vidonge. Vikiwa chini ya wiki mbili, nenda kachukue. Wa CTC, uliza kama unaweza kupewa za miezi kadhaa kwa mkupuo mmoja.

Chanjo za watoto zisirukwe. Surua haitasubiri Marburg iishe.

Hatua ya 5: Kazi, mnada na pesa

Bodaboda, bajaji, genge, saluni, kibarua cha ujenzi: endelea mpaka tangazo litaje shughuli yako. Mama lishe, kwenye kipindupindu wewe ndiye utakayekaguliwa wa kwanza. Uwe na maji tiririka, chakula cha moto, na vyombo visisuuzwe kwenye beseni moja kutwa nzima. Kachumbari iweke pembeni kwa wakati huo. Nimeona wateja wakilalamika siku mbili, ya tatu wamezoea.

Ugonjwa ukiwa wa mifugo, mnada ndio utakaoguswa. Kwa mfugaji wa Chamwino au Bahi anayetegemea Jumamosi ya Msalato kulipa ada, hiyo ni pigo, na sitakwambia si kitu. Ninachoweza kukushauri: usipeleke mnyama mgonjwa mnadani haraka haraka kabla hajafa. Bei utakayopata siku hiyo ndiyo itakayofungisha mnada kwa miezi. Na mifugo isihamishwe kwenda wilaya nyingine bila kibali, hata usiku, hata kwa shemeji.

Kama umeajiriwa na umeambiwa ukae nyumbani kwa kufuatiliwa afya, omba barua kwa afisa afya siku ile ile, umpelekee mwajiri. Barua ya baadaye huwa ngumu kupatikana.

Hatua ya 6: Safari

Stendi ya Nanenane, stesheni ya treni na uwanja wa ndege ndiko utakakopimwa joto na kuulizwa ulikotoka. Jibu ukweli. Kupimwa huchukua muda mfupi, na kipimajoto cha kuelekezwa kwenye paji la uso hakikuumizi wala hakikuchukui picha, swali ambalo naulizwa kila mara.

*Onyo kubwa:* usimeze panadoli ili homa ishuke upite ukaguzi. Nimesikia watu wakielekezana hivyo kituoni kama maarifa. Unajificha mwenyewe, halafu unakaa saa nyingi ndani ya basi na mama anayenyonyesha ubavuni.

Kama safari si ya lazima na inakwenda eneo lililotajwa, iahirishe. Kama ni ya lazima, andika daftarini basi ulilopanda, tarehe na namba ya kiti. Ikitokea mtu kaugua ndani ya basi lile, utasaidia kupatikana kwa wenzako.

Hatua ya 7: Mtu akiugua nyumbani

Mwishoni mwa 2015 kipindupindu kilipofika kwetu, familia moja ilimficha bibi yao chumba cha nyuma. Waliogopa nyumba itapigwa alama, wapangaji watakimbia. Walimfunika, wakampa maji ya mchele, wakafunga pazia. Siku ya pili jioni mjukuu mkubwa alinifuata akasimama mlangoni bila kusema. Nilipoingia, ngozi ya mkono wa bibi ukiivuta ilibaki imesimama kama kitambaa. Bibi alipona. Mjukuu wake wa miaka 4, aliyekuwa akilala naye kitanda kimoja, hatukumuwahi.

Kwa hiyo, mgonjwa hafichwi. Fanya hivi:

1. Mweke chumba au kona yake, na mtu mmoja tu wa kumhudumia, asiwe mjamzito.
2. Piga 199, au mhudumu wa afya wa mtaa. Sema dalili, zilianza lini, alikuwa wapi wiki tatu zilizopita.
3. Akiwa anaharisha majimaji, anza ORS papo hapo, usisubiri gari. Pakiti moja kwa lita moja ya maji safi. Pakiti hazipo? Vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, kwa lita moja. Akitapika, pumzika dakika kumi, endelea kidogo kidogo kwa kijiko. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.
4. Akiwa na homa kali na kutoka damu, au alikuwa karibu na mgonjwa wa Marburg, usimguse bila kinga, usimfulie, subiri timu ya wizara.
5. Usimpandishe bodaboda. Mgonjwa atamshika dereva kiunoni, kisha dereva atabeba abiria kumi na wanne kabla ya jua kuzama.

Kipindupindu ni kati ya magonjwa ambayo matibabu yake katika vituo vya umma yana msamaha wa gharama. Usikae nyumbani kwa sababu ya pesa.

Hatua ya 8: Ukiambiwa unafuatiliwa

Kufuatiliwa si kuwa mgonjwa. Maana yake ulikutana na mgonjwa, na wanasubiri kuona. Kwa Marburg na mpox ni siku 21, kwa kuwa ndio muda mrefu zaidi ambao dalili huweza kuchelewa. Kipindupindu ni siku tano tu. Mhudumu atakuja au atapiga simu kila siku kukuuliza joto na hali. Mpe namba inayopatikana.

Una haki ya kuambiwa unafuatiliwa kwa ugonjwa gani, mpaka tarehe ngapi, na jina lako lisitangazwe mtaani. Muulize anayekuja kitambulisho. Mhudumu wa kweli hachukii kuulizwa. Akidai pesa ya "kukutoa kwenye orodha", huyo ni tapeli, mpeleke kwa mtendaji.

Ndugu na majirani, mtu anayefuatiliwa anahitaji kula. Chukua zamu ya kumchotea maji na kumwachia mboga mlangoni. Mlenda na ugali vikiwekwa kwenye kigoda nje ya mlango havimwambukizi aliyevileta.

Hatua ya 9: Msiba

Hili ndilo gumu kuliko yote, na sitalipita kwa mstari mmoja.

Kwetu mtu akifa tunalala msibani, tunakula pamoja, tunamwosha, tunamgusa kwa mara ya mwisho. Kwa Marburg, mwili wa marehemu ndio wenye virusi vingi kuliko wakati wote. Kwa kipindupindu, anayeosha maiti ndiye anayepika pilau mchana. Ndiyo maana timu ya afya huja kuzika, na chakula cha pamoja hukatazwa.

Usibishane nao kaburini. Zungumza nao mapema, saa ile mgonjwa anapofariki, kwa sababu mengi yanawezekana ukiomba mapema: familia kuchagua mahali pa kaburi, watu wachache kusimama kwa umbali, mchungaji kusali, sheikh kuelekeza tayamamu (kutwaharisha kwa udongo safi) badala ya kuosha, nguo ya marehemu aliyoipenda kuwekwa na wahudumu wenyewe. Omba mzee mmoja wa ukoo awe msemaji, si watu ishirini kwa pamoja. Rambirambi zipelekwe kwa simu. Tulipofanya hivyo katika msiba mmoja, babu mwenye umri mkubwa alisimama ng'ambo ya ua, akavua kofia, akawaambia wafiwa "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, kwa sauti yake yote, akaondoka bila kumpa mkono mtu yeyote. Wafiwa waliniambia baadaye kwamba salamu ile waliihisi kama ameketi nao.

Arobaini haina haraka. Dharura ikiisha, kusanyikeni.

Hatua ya 10: Kujua imeisha

Dharura haiishi siku watu wanapoacha kuizungumzia. Kwa Marburg huhesabiwa siku 42 tangu mgonjwa wa mwisho apone au azikwe, bila mgonjwa mpya. Mlipuko wa kwanza wa Kagera ulitangazwa kwisha tarehe 2 Juni 2023, wa pili tarehe 13 Machi 2025. Subiri tangazo la kufunga kama ulivyosikiliza la kufungua, uiandike tarehe kwenye daftari lile lile. Kibuyu chirizi kibaki.

Mambo yakikwama

*199 haipokelewi.* Piga tena baada ya dakika chache. Ikishindikana, usikae ukipiga huku mgonjwa anaishiwa maji. Tuma mtu mzima kwa mtendaji wa kata au zahanati, akiwa na karatasi yenye dalili na saa zilipoanza.

*Mwenye nyumba anataka kunitoa kwa sababu nafuatiliwa.* Usihame. Ukihama unapotea kwenye orodha na unahamisha hatari. Mwite mwenyekiti wa mtaa na mhudumu wa afya, waongee naye mbele yako. Mara nyingi mwenye nyumba anaogopa tu, na hakuna aliyemweleza ugonjwa unapita njia gani.

*Watoto wamekataa maji yenye harufu ya dawa.* Chota asubuhi ya kunywa jioni, uyaache kwenye chombo chenye mfuniko, harufu hupungua. Yakinuka kupita kiasi, kipimo kilizidi. Rudia kusoma chupa.

*Duka limepandisha bei ya sabuni mara mbili.* Sabuni ya kipande ya kufulia inanawisha sawa na ile ya chupa nzuri. Hapo kipindi cha UVIKO watu walinunua vitakasa mikono kwa bei ya kuku wakati kipande cha sabuni kilikuwa jikoni.

*Mtoto amekunywa Jik.* Usimtapishe. Msukutue mdomo kwa maji, mkimbize hospitali na ile chupa mkononi. Na kama uliihamishia kwenye chupa ya soda, chupa nyingine za namna hiyo zilizobaki nyumbani kwako zimwage leo.

*Jirani anaficha mgonjwa.* Nenda wewe kwanza, bila kundi, bila simu ya kupiga picha. Simama nje, ita hodi, sema umeleta ORS. Mwambie utamsindikiza. Akikataa, piga 199 kabla hujafika kwako.